Mazabodi ya Mjomba Osward

Jumapili, 8 Juni 2025. Pentekoste.

Daftari hili lilikuwa la mahudhurio ya jumuiya yetu ya Mtakatifu Anna. Kurasa za mbele zina majina ya waliokuja kusali na waliotoroka. Za nyuma nazichukua mimi Bonifasia, Mungu anisamehe, kwa sababu nina hasira na sina pa kuiweka. Padre Florian ameniambia hasira ni kama kahawa iliyomenywa, ukiiacha kwenye ndoo siku nyingi inanuka nyumba nzima. Basi naianika hapa.

Leo baada ya misa ukoo umekaa kikao nyumbani kwangu. Jambo lilikuwa moja, binti yangu wa mwisho, Agripina, mwenye miaka ishirini na minne. Alisomea kompyuta Songea, akarudi, anachuma kahawa na sisi. Sasa wapo watu wa Arusha wanaotengeneza gemu za kompyuta. Wameona michoro yake, wanataka awafanyie kazi akiwa hapa hapa nyumbani kwa njia ya mtandao. Sharti lao ni awe na kompyuta yake yenye nguvu ya kuendesha gemu, na awatumie jaribio kabla ya tarehe 31 Agosti. Asipotuma, nafasi anapewa mwingine.

Kompyuta ya namna hiyo ukiinunua nzima, bei haishikiki. Agripina anasema unanunua kiungo kimoja kimoja, unaiunga mwenyewe mezani.

Kaka yangu Osward wa Kigonsera, mwalimu mstaafu, ndiye mkubwa wetu. Akavua miwani, akaifuta.

"Gemu? Mtu mzima anaomba ukoo umnunulie gemu?"

"Mjomba, mimi sichezi. Natengeneza."

"Tofauti yake?"

"Tofauti ya anayekunywa togwa na anayeipika."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Ndipo mwanangu akasimama akasema neno ambalo sikumfundisha: "Mnajua siku ya kumsindikiza binti kwa mume kila ndugu huleta kitu. Huyu sufuria, yule godoro. Mimi naomba vitu vyangu sasa. Nikija kuolewa sitadai hata kijiko."

 Kisha mume wangu Wilfred, ambaye ni seremala na husema maneno machache kama anayanunua, akasema: "Mimi kasha. Nitalichonga." Mdogo wangu Dorothy, anayeuza samaki wakavu kule Kihagara ziwani, akachukua kadi ya picha. Agripina mwenyewe ramu, diski na pawa saplai. Kioo na vitu vidogo wakagawana wengine. Mimi nikachukua prosesa, ambayo anasema ndiyo akili yenyewe. Kaka Osward akachukua mazabodi, ule ubao ambao vyote vinakaa juu yake kama watu kwenye mkeka mmoja. Kwenye orodha prosesa iliandikwa CPU. Kaka akauliza kama ukoo unanunua mtambo wa kumenyea kahawa wa kikundi, maana huku kwetu nao huitwa hivyo hivyo. Hapo akacheka mwenyewe, peke yake.

Agripina akampa kila mtu karatasi yake. "Naomba namba kwa namba kama ilivyoandikwa. Na ukishanunua unionyeshe mapema."

"Hapana," akasema kaka. "Umesema hii ni zawadi ya kusindikizwa. Zawadi ya kusindikizwa haifunuliwi kabla ya siku yake. Siku ni Kupalizwa Mbinguni, tarehe kumi na tano Agosti. Na namba sihitaji kukumbushwa, nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja."

Kuhusu zawadi nilimuunga mkono, maana ndiyo desturi. Ila hilo la miaka thelathini na moja lilinichoma. Kila kikao lazima aiseme.

Jumatatu, 16 Juni.

Ukungu hadi saa tano. Madebe manne. Vidole havihisi kitu.

Jumapili, 22 Juni.

Nimemwona kaka Osward kanisani. Nikamsalimu, nikamuuliza: "Kaka, mazabodi vipi?"

"Mazabodi haichumwi kama kahawa, Bonifasia. Inafikiriwa."

Inafikiriwa! Mwenzie Wilfred ameshapiga randa mbao za mninga. Mwenzie Dorothy amepiga simu kwamba kadi imepatikana. Yeye anafikiri. Nimepokea komunyo nikiwa na hasira na sijui kama inahesabiwa.

Alhamisi, 3 Julai.

Nimeenda Songea. Basi letu lilifuata malori ya makaa ya mawe ya Ngaka njia nzima, nimefika nikiwa na vumbi hadi kwenye meno.

Nimenunua prosesa. Ni kitu kidogo kama biskuti ya mtoto, na ndicho kitu ghali kuliko vyote nilivyowahi kushika mkononi. Muuzaji kijana mwenye heshima, shikamoo mama, keti mama. Akasoma karatasi, akasema: "Mama, hii 5600 ni ya zamani. Ninayo 7600, haina boksi ndiyo maana nitakupa kwa bei ile ile. Elfu saba na elfu tano, mama, kipi kikubwa?"

Hata aliyeishia darasa la saba anajua jibu la swali hilo. Nikaichukua. Imo kwenye kiplastiki kigumu. Nimeiviringisha kwenye kitenge, nimeiweka chini ya sanamu ya Mama Maria. Agripina sijamwambia. Siku ikifika atafunua, ataona mama yake amempa zaidi ya alichoomba.

Jumapili, 20 Julai.

Kaka Osward bado. Namuuliza mkewe, anasema mzee amekwenda Songea tena. Kufanya nini? Hajui. Mimi najua. Anazunguka kutafuta cha rahisi. Huyu ni mtu ambaye sadaka yake huikunja mara nne ili isionekane.

Ijumaa, 25 Julai.

Baridi. Tumemenya, tumeosha. Mgongo.

Jumapili, 27 Julai.

Agripina amenijia jikoni. "Mama, nionyeshe prosesa tu. Dakika moja. Nisome namba, nifunge."

"Siku yake bado."

"Mama, kama kuna kosa ni afadhali tulijue leo kuliko kumi na tano. Tutabaki na wiki mbili tu."

"Kosa litoke wapi? Kama unatafuta kosa kalitafute kwa mjomba wako."

Akaniangalia, akachukua ndoo akaenda kisimani. Nilitaka kumwita. Sikumwita, kwa sababu ningemwita ningemwonyesha, na furaha yangu ingekwisha.

Jumanne, 12 Agosti.

Kaka Osward ameleta. Kifurushi kimefungwa kwa kitambaa cha mezani. Alikaa dakika kumi, akakataa chai. Upepo umeanza, jivu la mashamba yanayochomwa linatua juu ya kahawa.

Ijumaa, 15 Agosti. Kupalizwa Mbinguni.

Nitaandika yote. 

Tumetoka misa, watu wamejaa sebuleni. Meza imetandikwa shuka jeupe. Kasha la Wilfred liko katikati, la mninga, amelitoboa matundu ya hewa kwa mistari, linapendeza kuliko tabernakulo, nisamehewe. Agripina aliomba jembe lichomekwe sakafuni hapo mlangoni, palipo udongo, na kila alipotaka kugusa kiungo alilishika jembe kwanza. Anasema mwili una umeme wa baridi, unaweza kuua vifaa hivi bila wewe kuusikia.

Akafunua. Kadi ya picha ya Dorothy ilikuja ndani ya kapu la usipa, vile visamaki vikavu vya ziwani, ilipofunuliwa sebule nzima ikanuka ziwa.

"Mama mdogo! Umeikaanga?"

"Nilikuwa naificha, wezi wa kwenye basi wasiione. Nani anaiba usipa?"

Tulicheka sana. Naandika hili ili nikumbuke kwamba tulicheka.

Akafunua mazabodi ya kaka, akailaza. Akafunua prosesa yangu. Hapo akasimama. Akaigeuza, akaigeuza tena. Nikadhani ni furaha, nikaanza kutabasamu kama mjinga.

Kaka Osward akanyoosha mkono. "Lete nione." Akavaa miwani, akatoa na ile lenzi yake ya kusomea Biblia, akakisoma kile kibati kwa muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi. Akakirudisha kwenye kiplastiki polepole kama anarudisha yai kwenye kiota.

Dorothy akasema: "Mbona kimya, kuna msiba?"

Agripina akasema, macho chini: "Hivi viwili havipatani. Prosesa haiingii kwenye mazabodi."

Nikasogea. Nikaona mwenyewe. Mazabodi ina matundu madogo mamia yanayosubiri sindano. Prosesa yangu haina sindano hata moja, iko laini chini kama sarafu. Matundu matupu! Kwa macho yangu mwenye kasoro alikuwa mwenye matundu.

Nikasimama. Sikuchagua kusimama, nilijikuta.

"Kaka, uliandikiwa namba! Uliandikiwa na mtoto, kwa kalamu, ukasema huhitaji! Miaka thelathini na moja umefundisha nini?"

"Bonifasia," akasema, "tuachie hapa."

"Tuachie wapi? Umefikiri miezi miwili! Umezunguka Songea yote kutafuta cha bei ya chini, ukamletea mtoto ubao usiopokea kitu!"

"Mama, basi," akasema Agripina. "Mama, tafadhali."

"Wewe kaa! Leo nitasema. Nilikuwa wa kwanza darasani, mimi, si yeye! Baba akasema kahawa ya mwaka ule inatosha mmoja. Nikaacha shule nikashika jembe ili huyu asome ualimu. Kahawa yote ikaenda kwake. Na leo kisomo chote kile kimeshindwa kunakili namba moja kwa ajili ya mwanangu!"

 Kaka akakunja miwani, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Akachukua kofia. Mlangoni akasimama karibu na lile jembe, nikasubiri ajibu, nilitaka ajibu. Akasema tu: "Kahawa yenu inalowa." Akaondoka.

Na kweli. Manyunyu yasiyo ya msimu yalikuwa yanashuka, kahawa yote iko wazi juu ya vichanja, na sisi sote ndani tunasikiliza matusi yangu. Tulipofika na maturubai ilikuwa imeshalowa.

Sijutii. Naandika hapa sijutii.

Jumamosi, 16 Agosti.

Dorothy amerudi ziwani. Alipanda basi bila kuniaga vizuri. Agripina hasemi.

Jumatatu, 18 Agosti.

Nimesali rozari nzima na kila fumbo nimemwona kaka Osward. Kesho nakwenda Songea na mazabodi yake niibadilishe. Wilfred kasema: "Zawadi ya mtu?" Nimesema zawadi mbovu hairudishi heshima, inaiondoa. Akarudi kwenye randa yake. Agripina kaona naifunga kwenye kanga, akanifuata hadi mlangoni: "Mama, usiende na hiyo. Nenda na zote mbili, basi." Nikamuuliza kwa nini. Kasema: "Fundi atataka kuziona pamoja." Nimezifunga zote mbili.

Jumanne, 19 Agosti.

Nimerudi. Nimekaa hapa nje na daftari, sitaki kuingia ndani.

Muuzaji wangu wa shikamoo mama leo hakuwa na shikamoo. "Kilichouzwa hakirudi." Akaniacha nimesimama, akaendelea na simu yake. Nilimwambia maneno ambayo kesho kutwa itabidi nimpelekee Padre.

Ng'ambo ya barabara kuna fundi wa kike, anaitwa Vitalia, ana mtoto mgongoni na bisibisi mdomoni. Nikamwekea mazabodi mezani. "Hii ni mbovu. Nataka inayofaa."

Akaitazama. "Hii si mbovu, mama. Naijua hii. Nimemuuzia mimi mzee mmoja wa Kigonsera."

"Mzee gani?"

"Mwalimu. Alikuja mara tatu. Mara ya kwanza na karatasi, akanisomea namba ya kwenye ubao na ya kwenye karatasi, akazilinganisha. Mara ya pili akarudi kuniuliza kama kweli itakubali prosesa 5600, maana dada yake ndiye anayeileta, hataki dada yake aaibike. Mara ya tatu ndiyo akanunua. Ana lenzi, alinichekesha sana. Akasema, mpwa wangu hajawahi kuniomba kitu, siwezi kumkosea."

Nikamtolea prosesa yangu. Sikuhitaji jibu lakini nikaitoa.

"Ee mama. Hii ni 7600. Hii ni ya ukoo mwingine kabisa. Kubwa, ndiyo, lakini ina ubao wake na ramu zake. Nani kakupa hii?"

"Nimejipa mwenyewe," nikasema.

Vitalia ana moyo. Alikuwa na 5600 kwenye mashine yake ya dukani, akaichomoa mbele yangu, akaifuta dawa yake nyeupe, akanionyesha sindano zake, zimesimama kama brashi. "Yako ni bora kuliko yangu, tubadilishane, mimi nimepata." Kwa hiyo ninayo. Ilichukua robo saa. Kumbe tangu mwanzo lilikuwa jambo la robo saa.

Aliisoma, kaka. Siku ile mezani aliisoma 7600 kwa lenzi, akajua, akaniangalia. Akasema tuachie hapa. Na mimi nikamwaga kila kitu mbele ya ukoo, na yeye alikuwa na neno moja tu la kunimaliza nalo, hakulisema.

Nina hasira hata na hilo. Kwa nini hakusema? Nani alimwomba anisitiri?

Jumatano, 20 Agosti.

Nimemkuta Agripina anageuza kahawa kwenye kichanja. Nikaanza kugeuza upande wa pili.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Mbele ya watu wote, mama? Niseme mama yangu hakufuata karatasi?"

"Ndiyo! Ungesema! Mjomba wako asingetukanwa!"

"Nilisema basi, nikasema tafadhali. Ukaniambia nikae."

Tukageuza kahawa. Ile iliyolowa imeshika madoa ya kahawia. Nikamwambia prosesa ipo, tena ndiyo yenyewe, aiweke tuone. Zimebaki siku kumi na moja.

"Siiweki," akasema. "Mazabodi ni ya mjomba. Siwezi kuwasha kitu cha mtu aliyefukuzwa nyumbani kwetu."

"Utakosa kazi!"

"Nitakosa."

Mkaidi! Nilitaka kumpiga kwa mwiko wa kahawa, mtoto wa miaka ishirini na minne. Ukaidi huo haukutoka kwa Wilfred.

Alhamisi, 21 Agosti.

Nimemtumia kaka ujumbe kwamba nakuja Kigonsera. Mkewe kajibu: mzee anasema ulichosema mbele za watu huwezi kukifuta pembeni.

Ijumaa, 22 Agosti.

Upepo. Vumbi. Hapana neno kutoka Kigonsera.

Jumamosi, 23 Agosti.

Wilfred ameondoka asubuhi kwa bodaboda bila kuaga, karudi saa nane. Kasema kaka anakuja kesho. Nikauliza ulimwambia nini. "Nilimwambia, shemeji, kasha langu liko tupu."

Jumapili, 24 Agosti.

Watu wale wale. Meza ile ile. Dorothy hakuweza kupanda kutoka ziwani, akawekwa kwenye simu, sauti juu, maana siku ya matusi alikuwepo.

"Nawasikia! Dada yuko wapi? Ameshapiga magoti?"

"Dorothy, funga mdomo."

"Bado hajapiga. Nasubiri."

Nikapiga magoti. Nikasema mbele ya wote: karatasi ilisema 5600, mimi nikanunua 7600 kwa tamaa ya namba kubwa, nikaficha. Kaka alinunua sawasawa. Nilimtukana kwa kosa langu. Naomba radhi.

Kaka Osward akaniacha hapo chini hadi magoti yakaanza kuuma. Kisha: "Nimesikia. Keti."

Maneno mawili! Damu ikanipanda upya, nikiwa bado chini. Lakini hakuwa amemaliza. Akavua miwani.

"La namba nimekusamehe. Ila la kahawa ya baba halikuwa uongo. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza darasani. Nilijua, baba alijua, nikapanda gari nikaenda chuo. Miaka yote nimekuwa nawahesabia watu miaka yangu ya kufundisha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia ilitoka wapi. Kwa hilo usiniombe radhi."

 Kwenye simu tukasikia Dorothy anavuta makamasi.

Akatoa lenzi, akanipa pamoja na prosesa. "Sasa soma. Kwa sauti."

Nikasoma: "Elfu tano, mia sita."

"Sawa," akasema, kama mwalimu.

Agripina akashika jembe, akaipokea. Akailenga, akaiachia. Haikusukumwa. Ilizama yenyewe kwenye matundu yake kama mtu anayeingia kitandani kwake. Akafunga, akapaka dawa, akaweka feni, kadi, nyaya ambazo sizijui. Akamwomba mjomba wake abonyeze. Kaka akabonyeza. Feni zikazunguka, kioo kikawaka, na ilipopata joto, kupitia matundu ya mninga, ikatoka harufu ya usipa.

"Inanukia?" Dorothy akapiga kelele. "Inanukia? Hiyo ndiyo ya kwetu!"

Ijumaa, 29 Agosti.

Agripina ametuma jaribio. Hajala tangu jana.

Jumamosi, 6 Septemba.

Kimya cha Arusha. Nimemjibu kila mtu vibaya leo, hata kuku.

Jumapili, 14 Septemba. Kutukuka kwa Msalaba.

Wamemchukua. Anaanza tarehe moja Oktoba. Wa kwanza kupigiwa simu ni mjomba wake, si mimi niliyekuwa chumba cha pili. Nimekasirika kidogo, nimeacha.

Kahawa tumeifikisha kikundi jana. Ile iliyolowa tarehe kumi na tano imetolewa pembeni, daraja la chini, magunia mawili mazima. Karani wa kikundi aliuliza kwenye fomu aandike sababu gani. Wilfred akaniangalia. Nikamwambia aandike mvua.

Hapa naandika: Bonifasia.